Tumbili akipanda ndege, nani analipwa?

Mahindi yakianza kutoa ndevu huku Meatu, kuna watoto ambao majina yao huanza kukosekana kwenye daftari la mahudhurio. Hawaumwi. Wako shambani, juu ya dungu, na debe bovu la kugonga na manati shingoni, wanaamia. Ndege ni kazi ya asubuhi na jioni. Tumbili ni kazi ya kutwa. Kundi linashuka kutoka kwenye migunga ya kando ya mto wa mchanga, dume mmoja anabaki juu akichungulia, wengine wanaingia kati ya mistari. Wanavunja hindi, wanang'ata mara mbili, wanalitupa, wanavunja jingine. Ubadhirifu huo unamuuma mkulima kuliko hata njaa ya mnyama mwenyewe. Na msimu wa viazi ukifika, watu wakishaanika michembe juu ya mwamba, hao hao wanarudi kukagua.

Kwa hiyo mtu akisimama mbele ya wakulima wa Mwanhuzi akaanza kuwahubiria kwamba tumbili ni kiumbe mzuri wa Mungu, atasikilizwa kwa adabu, halafu ataulizwa yuko tayari kuja kuamia lini. Naandika nikilijua hilo. Ugomvi wangu uko kwingine, kwenye hoja inayozaliwa na kero hii kisha ikapanda gari kwenda mjini. Inasema hivi: tumbili ni wengi, ni waharibifu, na huko nje wapo wanaowataka, basi tuwauze, nchi ipate fedha za kigeni na mkulima apumue. Utaisikia mnadani, utaisikia kwenye basi la Bariadi, na utaisikia kwa watu waliovaa tai. Ni hoja tamu. Kasoro yake ni kwamba ndani yake fedha na mahindi havikutani mahali popote.

Tulishaijaribu. Biashara ya wanyamapori hai ilikuwa halali kwa leseni kwa miaka mingi, mpaka Machi 2016 walipokamatwa tumbili 61 katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro wakiwa safarini kwenda Albania. (Nadhani Watanzania wengi siku hiyo ndipo walipoitafuta Albania kwenye ramani.) Uwanja ulikuwa ule ule ambapo Novemba 2010 twiga wanne na wanyama wengine zaidi ya mia moja walipakiwa kwenye ndege ya kijeshi ya Qatar, tukio lililotuachia msemo wa twiga kupanda ndege. Mei 2016 Profesa Jumanne Maghembe, aliyekuwa Waziri wa Maliasili na Utalii, akaliambia Bunge kwamba usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje umepigwa marufuku kwa miaka mitatu. Miaka mitatu ikapita, zuio likabaki. Juni 2022 Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ikatangaza kulilegeza kwa miezi sita ili wafanyabiashara wamalize wanyama waliobaki mikononi mwao. Kelele zikapigwa, na kabla wiki haijaisha Waziri Pindi Chana akawa ameshalirudisha.

Katika mvutano wote huo, wa mwaka 2016 na wa mwaka 2022, waliosikika walikuwa wafanyabiashara, mawaziri, wabunge na wanaharakati. Mwenye dungu hakuulizwa, ingawa jina lake ndilo lililokuwa likitajwa.

Fikiria namna kazi yenyewe ilivyo. Mtegaji wa tumbili hafuati malalamiko ya mahindi. Anafuata barabara nzuri, maji, kundi lililozoea watu, na umbali mfupi hadi uwanja wa ndege, kwa sababu mnyama aliyefungiwa kwenye kizimba anakula, anaugua, anaumizana na wenzake, na kila saa ya safari inapunguza bei yake. Kutoka Mwanhuzi hadi Kilimanjaro utapita ama njia ya hifadhini, Serengeti na Ngorongoro, penye mageti na askari, ama uzungukie Daraja la Sibiti hadi Singida ndipo uitafute Arusha. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili atakayefanya safari hiyo kumfuata tumbili wakati Arusha na Moshi wapo hao hao. Yaani hata biashara hii ingefunguliwa kesho asubuhi, tumbili wa Meatu asingekamatwa. Angebaki kwenye mgunga wake, na mtoto wa mtu angebaki kwenye dungu lake.

Wapo waliotutangulia katika njia hii, na kwao walianza na kima wadogo kuliko hawa wetu. Iquitos ni mji wa Peru katikati ya msitu wa Amazoni, mji ambao mpaka leo hufiki kwa barabara. Unakwenda kwa mto au kwa ndege. Katika miaka ya 1960 ulikuwa kitovu cha kuuza kima hai duniani. Bidhaa kuu ilikuwa saimiri, kima mwenye uso mweupe, mdomo mweusi na mkia mrefu kuliko mwili, asiyefika hata kilo moja na nusu. Walikamatwa msituni na watu wa vijijini waliolipwa sarafu chache, wakakusanywa kwenye mabanda ya mjini, wakapakiwa kwenda Marekani maelfu kwa maelfu kila mwaka. Wengine walikwenda maabara. Wengine waliishia kwenye maduka ya wanyama, wakauzwa kama vitu vya kuchezea watoto.

Mmoja wao ana kaburi. Anaitwa Miss Baker. Alitoka Iquitos, akanunuliwa katika duka la wanyama mjini Miami, na tarehe 28 Mei 1959 akarushwa angani ndani ya roketi ya Jupiter pamoja na mwenzake wa aina nyingine aliyeitwa Able. Alikuwa hafiki nusu kilo. Walikaa angani kama dakika 16, wakarudi wakiwa hai. Able akafa siku chache baadaye, Miss Baker akaishi hadi 1984. Amezikwa Huntsville, Alabama, nje ya kituo cha makumbusho ya anga, na wageni humwekea ndizi juu ya kaburi. Sina neno na ndizi hizo. Ninachoona ni kwamba katika ule umati wote uliotoka Iquitos huyu ndiye mwenye jina. Wenzake hawakupewa, wala wale waliowakamata.

Peru ilifunga biashara hiyo mwaka 1973, na Kolombia ikafuata mwaka uliofuata. Brazili ilikuwa imeshatangulia kwa sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 1967. Mwaka 1975 wanunuzi wenyewe, Wamarekani, wakakataza kuingiza kima wa kufugwa majumbani, na kilichowasukuma hakikuwa huruma. Waliogopa magonjwa. Baada ya biashara kubwa namna ile, hakuna anayeweza kukuonyesha kijiji kimoja cha kando ya mto wa Amazoni kilichotajirika kwa saimiri. Pesa ilikaa kwa mwenye banda na mwenye ndege.

Hilo la magonjwa linanirudisha kwenye hadithi ambayo karibu kila Mswahili aliisikia utotoni, ya kima na papa. Papa anamwalika kima safari ya heshima, anambeba mgongoni, na wakishafika kwenye maji ya kina ndipo anapomtobolea siri kwamba sultani wao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 hadithi ile ilitokea kweli, ila kilichotakiwa kilikuwa figo. Chanjo ya polio ilihitaji kirusi kilichooteshwa, na kirusi kilioteshwa kwenye seli za figo za kima. Tumbili wa Uganda, majirani zetu wa Ziwa Victoria, walikamatwa na kusafirishwa kupitia Entebbe kwenda Ulaya kwa kazi hiyo.

Agosti 1967 wafanyakazi wa maabara katika mji wa Marburg, Ujerumani, waliokuwa wakipasua tumbili hao walianza kuugua homa isiyojulikana. Wengine waliugua Frankfurt, na wengine Belgrade. Watu 31 waliugua, saba wakafa. Ugonjwa ukapewa jina la mji ule, na tumbili akapewa lawama. Ilichukua miongo kadhaa mpaka wanasayansi wakamthibitisha anayekitunza kirusi hicho, ambaye ni popo wa matunda anayeishi mapangoni. Tumbili alikuwa ameambukizwa kama walivyoambukizwa wale wafanyakazi. Machi 2023 Marburg ilipotangazwa Kagera, ng'ambo ya ziwa kutoka kwetu, jina lile la mji wa Kijerumani lilirudi nyumbani kwa njia ambayo hata papa wa hadithi asingeifikiria.

Ungetarajia nimalizie hapo kwa kusema sayansi ilimdhulumu tumbili, lakini mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mwaka 1962 watafiti wawili wa Kijapani katika Chuo Kikuu cha Chiba, Yasumura na Kawakita, walichukua seli za figo za tumbili jike mmoja wa Afrika, ndugu wa karibu wa hawa wetu, wakaziotesha kwenye chupa. Seli zile hazikukoma kugawanyika. Zinaitwa Vero, na bado ziko hai katika maabara za dunia nzima. Chanjo nyingi za kichaa cha mbwa anazochomwa mtu aliyeumwa hutengenezwa humo. Chanjo ya Sinopharm, mojawapo ya zile zilizotumika nchini wakati wa Uviko-19, ilioteshwa humo. Kwa hiyo ukiumwa na mbwa Mwanhuzi, ukakimbilia hospitali na ukakuta dawa ipo, kuna uwezekano mkubwa unaokolewa na tumbili.

Na hapo ndipo hoja ya wauzaji inapozidi kulegea. Faida kubwa kuliko zote ambazo binadamu amepata kwa mnyama huyu ilitoka kwa tumbili mmoja na watu wawili wenye maarifa. Wale maelfu waliosafirishwa kwenye vizimba walitumika siku chache, wakaisha. Nchi inayotaka kufaidika na tumbili ingewasomesha kina Yasumura wake. Sisi tunajadili bei ya kizimba.

Sasa turudi shambani, maana mkulima ana haki ya kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu adui yake ni mwanafunzi mzuri kuliko anavyodhaniwa. Katika Hifadhi ya Amboseli, Kenya, kilomita chache tu kutoka mpaka wetu, watafiti walirekodi milio ya tumbili kisha wakawachezea tumbili wenyewe kwenye spika walizozificha vichakani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980 na Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler. Mlio wa chui ulipotoka, tumbili walipanda mtini. Wa tai, walitazama juu au wakajitosa kichakani. Wa nyoka, walisimama kwa miguu ya nyuma wakachungulia nyasini. Chui mwenyewe hakuwepo, wala tai, wala nyoka; ilitosha kusikia. Miaka mingi baadaye huko Brazili, titi, kima mdogo wa misitu ya Amerika Kusini, naye akakutwa na milio tofauti kwa hatari ya angani na ya ardhini. Na mwaka 2019 ukachapishwa utafiti kutoka Senegali: watafiti walipitisha droni juu ya ndugu wa tumbili wanaoishi huko, nao wakatoa mlio ambao hawakuwa wamewahi kuutoa, unaofanana na ule wa tai wa ndugu zao wa Amboseli. Anayepanga kuleta droni Meatu aje nayo, lakini ajue itatangazwa.

Kuna utafiti mwingine ambao ningependa kila bwana shamba wa mkoa wetu wa Simiyu aujue, kwa kuwa unahusu mahindi. Ulifanyika KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, na ulichapishwa mwaka 2013 na Erica van de Waal na wenzake. Makundi ya tumbili yaliwekewa masanduku mawili ya mahindi, moja lenye mahindi yaliyotiwa rangi ya waridi, jingine ya bluu. Moja lilitiwa uchungu. Kwa makundi mengine ilikuwa waridi, kwa mengine bluu. Tumbili wakajifunza haraka lipi la kuacha. Kisha uchungu ukaondolewa, na watoto wakazaliwa ambao hawakuwahi kuonja mahindi machungu. Karibu wote walikula rangi anayokula mama. Na madume, ambao kwa desturi ya tumbili huhama kundi wakikua, walipofika kwenye kundi linalokula rangi nyingine karibu wote wakabadilika wakala ya wenyeji.

Usome utafiti huo ukiwa na shamba. Jike wa tumbili haondoki. Anazaliwa, anazaa na anafia katika kundi lake, kwenye mto ule ule. Yeye ndiye anayejua shamba la nani halina mlinzi, saa ngapi mtoto wa dunguni husinzia, na kwamba mama mwenye shamba hana manati. (Wakulima wa sehemu nyingi watakuambia tumbili humkimbia mwanamume mapema kuliko mwanamke. Ukibisha, vaa gauni ukajaribu.) Ujuzi huo unarithiwa na mtoto kwa kumtazama mama. Ukinasa kumi katika kundi la thelathini, unaowaacha wanaijua njia ya kwenda kwako vizuri tu, na sasa wana nafasi zaidi ya kuzaa.

Ushahidi wa hilo upo visiwani Karibi. Huko St Kitts na Barbados tumbili walifikishwa kutoka Afrika Magharibi katika karne ya 17, enzi za meli za watumwa. Hawakukuta chui wala tai wa kuwala, wakazaana, wakayageukia mashamba ya wakulima. Visiwa vyote viwili vimewakamata na kuwapeleka maabara kwa miongo mingi. Barbados ilifika hadi kumlipa mkulima kwa kila tumbili aliyenaswa, jambo ambalo angalau lilimweka mkulima kwenye hesabu, na hilo nalisifu. Mpaka leo wakulima wa visiwa hivyo wanalalamika juu ya tumbili kwa maneno yale yale utakayoyasikia Meatu. Ikiwa kisiwa kidogo, kilichozungukwa na bahari pande zote, kimeshindwa kuokoa muhogo wake kwa kuuza tumbili, wilaya inayopakana na Pori la Akiba Maswa itaweza vipi?

Hatari nyingine haizungumzwi kabisa, nayo iko karibu nasi. Magharibi mwa Serengeti anaishi kima mwekundu wa ardhini, mwenye miguu mirefu na mbio kuliko kima wote duniani, ambaye sayansi inamwita Erythrocebus baumstarki. Mjerumani Paul Matschie alimwandika mara ya kwanza mwaka 1905 kutokana na mnyama aliyepatikana Ikoma. Kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa tawi tu la ndugu zake walioenea hadi Afrika Magharibi. Leo anatambuliwa kuwa aina yake peke yake, na idadi yao yote iliyobaki ni mia chache, kama inafika huko. Utakapoandika kwenye leseni neno "tumbili" na kuikabidhi kwa mtegaji anayelipwa kwa kichwa, ni nani atakayekaa kwenye kizuizi cha barabarani usiku wa manane na tochi, akitofautisha mkia na mkia?

Sisemi nchi nyingine haziwezi kutufundisha lolote. Brazili ina tamarini wa dhahabu, kima wa gramu mia sita hivi anayepatikana katika jimbo la Rio de Janeiro tu. Katika miaka ya 1970 walikuwa wamebaki kama mia mbili porini, misitu yao imekatwa na wengi wao wameuzwa. Ilianzishwa hifadhi ya Poço das Antas mwaka 1974, na kuanzia 1984 wakaanza kurudishwa msituni wale waliozaliwa kwenye bustani za wanyama za nje. Wengi waliachiwa kwenye mashamba ya watu binafsi waliokubali kuwapokea. Mwaka 2020 ukakamilika msitu mdogo juu ya daraja linalovuka barabara kuu ya BR-101, ili wapite bila kugongwa. Homa ya manjano ikawapiga vibaya mwaka 2017 na 2018, Wabrazili wakaanza kuwachanja. Leo wako karibu 4,800, na sura yao iko kwenye noti ya reali 20.

Napenda mfano huo lakini siulazimishi. Tamarini haibi mahindi ya mtu. Ni rahisi kumweka kwenye noti mnyama asiyekula chakula chako. Kilichonivutia zaidi ni wale wenye mashamba: mradi ulikwenda kwao kwanza, ukaongea nao, ukawafanya sehemu ya kazi. Kwetu mkulima hukutana na serikali ya wanyamapori akiwa tayari amepata hasara.

Na akipata hasara kwa tumbili, sheria haimjui. Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi zilitungwa kwa ajili ya wanyama wakali na hatari kama tembo, simba, chui, nyati, kiboko na mamba. Kwa mazao, kiwango kilichowekwa kilianzia shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kutegemea umbali wa shamba lako kutoka mpaka wa hifadhi, na mwisho ekari tano. Hata kwa tembo, ambao vijiji vya Meatu vinavyopakana na eneo la hifadhi la Makao vinawajua vizuri, watu husubiri malipo hayo kwa muda mrefu. Tumbili hayumo kabisa. Tembo akipita usiku mmoja ni habari, mkuu wa wilaya anakuja, picha zinapigwa. Tumbili anakula shamba lile lile kwa mwezi mzima, hindi kwa hindi, na hakuna fomu ya kujaza.

Najua ugumu wa kumwingiza kwenye kanuni. Ofisa atathibitishaje kwamba hindi hili lilikatwa na tumbili na si na mtoto wa jirani? Tungefungua mlango wa madai yasiyo na mwisho, na fungu lenyewe halitoshi hata kwa tembo. Kwa hiyo siombi fidia. Naomba ulinzi, kwa maana hasara ya tumbili inazuilika zaidi ya ile ya tembo: mnyama wa kilo tano anayeogopa mtu mzima ukimlinganisha na mnyama wa tani tano asiyeogopa chochote. Anachohitaji mkulima ni mtu mzima shambani katika zile wiki chache za mahindi mabichi, na kwa sasa mtu huyo ni mwanafunzi wa darasa la nne.

Fedha za kuanzia zipo. Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Makao inaingiza mapato ya uwindaji na utalii, na vijiji wanachama vina mgao. Halmashauri zenye vitalu vya uwindaji nazo hupata sehemu ya mapato hayo. Tayari tunao askari wa wanyamapori wa vijiji, wale tunaowaita VGS, wanaofundishwa kufukuza tembo. Kuongeza vijana wa msimu, wenye posho, wanaozunguka mashamba ya kando ya mto kwa zamu kuanzia alfajiri, hakuhitaji sheria mpya wala mfadhili.

Na kuna sheria ya zamani ambayo tungeiheshimu kidogo tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tembea kando ya mito yetu uone: mahindi yamepandwa mpaka kwenye mizizi ya mgunga ambao tumbili analala juu yake. Mikuyu na mikwaju aliyokuwa akila tumekata, mingine kwa mkaa, mingine kupanua pamba. Tumembomolea jiko lake tukajenga letu pale pale, halafu tunashangaa anapochungulia sufuria. Ukanda ule ukiachwa uote tena, sidhani tumbili ataacha mahindi, kwa sababu mahindi ni matamu na yeye si mjinga. Lakini atakuwa na chakula kingine siku ambazo mlinzi yupo, na mlinzi atakuwa na mita 60 za kumwona akija.

Mahindi ya Meatu huwa mabichi katika miezi ile ile ambayo halmashauri inapitisha bajeti. Diwani wa kata yoyote inayopakana na Makao anaweza kuingia kikaoni na swali moja lenye tarakimu ndani yake: vijana wangapi, kwa wiki ngapi, kwa posho ya kiasi gani kutoka fungu lipi. Mwalimu mkuu wa kata hiyo anaweza kumpa idadi ya madawati yaliyokuwa wazi Februari. Wakishajibiwa hayo, mtu wa Albania akipiga simu kuulizia tumbili, aelezwe tu kwamba hapa hatuuzi.